Vumbi la Plastiki kwenye Malambo ya Garissa: Majibu kwa Madai Yanayozagaa

Kipande chochote cha plastiki kisichofika milimita tano huitwa maikroplastiki. Jina hilo lilienea baada ya mwaka 2004, Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, alipoandika pamoja na wenzake katika jarida la Science kuhusu vipande walivyovikuta kwenye mchanga wa fukwe. Tangu hapo maabara za nchi nyingi zimekuwa zikiwatia wanyama wadogo wa maji matamu, kama vile dafnia, konokono, funza wa matopeni na viluwiluwi vya mbu, ndani ya chupa zenye vumbi la plastiki ili kuona kama watakufa, watadumaa au watazaa wachache.

Habari za vipimo hivyo zikifika Garissa, Wajir na Mandera hukutana na madai yaliyokwisha kukomaa. Nimeyasikia sokoni, kwenye mabaraza ya machifu, na kwa watu ninaowaheshimu sana. Nayajibu hapa dai kwa dai. Mengine yana ukweli ndani yake na ukweli huo nitaukubali. Mengine yanawapotosha watu ambao uhai wao na wa mifugo yao hutegemea lambo moja la maji kwa miezi kadhaa ya mwaka, na hilo siwezi kulinyamazia.

"Hapa ni ukame. Hatuna wanyama wa majini wa kupimwa."

Dai hili ndilo ninalolisikia zaidi, na ndilo linaloumiza zaidi, kwa kuwa linaifanya nchi yetu ionekane tupu. Mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya kwa karibu kilomita 1,000, unapita ubavuni mwa mji wa Garissa. Mandera ina Daua mpakani na Ethiopia. Ewaso Nyiro huishia kwenye kinamasi cha Lorian. Wajir imeishi kwa visima vyake vifupi tangu kabla ya serikali ya kikoloni.

Lakini hoja yangu kubwa haiko mitoni. Iko kwenye malambo na madimbwi ya msimu, yale yanayojaa kwa mvua za Gu mwezi wa Aprili na kwa mvua za Deyr mwezi wa Oktoba au Novemba, kisha yakakauka mpaka ardhi ikapasuka. Mpita njia akilitazama lambo kavu wakati wa Jilaal msimu wa kiangazi, huona vumbi, nyayo za ng'ombe na kinyesi cha mbuzi. Ndani ya udongo ule yamelala mayai. Nchi kavu za Afrika Mashariki zina kamba wadogo wa madimbwi wa jenasi ya Streptocephalus, wenye urefu wa sentimita moja au mbili, wanaoogelea chali huku wakipiga jozi 11 za miguu kuelekea juu. Zina Triops, mwenye gamba pana mgongoni na macho matatu. Zina dafnia wa nchi za joto, akiwemo Daphnia lumholtzi, ambaye ni mwenyeji wa Afrika, Asia na Australia na ambaye tangu miaka ya 1990 amesambaa pia katika mabwawa ya kusini mwa Marekani. Mayai ya wanyama hawa hustahimili jua na ukavu kwa miaka. Maji yakirudi huanguliwa ndani ya siku moja au mbili, na kamba wa madimbwi hukua, hupandana na kutaga wakati mwingine kabla wiki mbili hazijaisha, kwa sababu lambo halitawangoja.

Ndege wahamao huwala. Samaki wa jenasi ya Nothobranchius, wanaoishi msimu mmoja tu katika madimbwi ya bonde la Tana na kuacha mayai yao matopeni, huwala pia. Kamba na dafnia hawa ndio wanaosafisha maji tunayokunywa pamoja na mifugo, maana chakula chao ni mwani na bakteria wanaoelea. Na wanakula kwa kuchuja: miguu inasukuma maji, chembe zinakusanywa, zinapelekwa kinywani. Chembe yenye ukubwa unaofaa huingia tu, iwe mwani, iwe udongo, iwe plastiki. Kama kuna mnyama mwenye njia fupi ya kupokea vumbi la plastiki, ni huyu wa kwetu.

"Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2017. Hilo limekwisha."

Marufuku ya tarehe 28 Agosti 2017 ilikuwa kali na ilikuwa na faida. Faini ni kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4, na yeyote aliyeijua Garissa kabla ya hapo anakumbuka miba ya mathenge ilivyokuwa imevaa mifuko kila upande. Ila marufuku ilihusu mifuko. Haikugusa mtungi wa njano wa lita 20, turubai la polithini, gunia la nailoni, kamba ya kufungia mizigo, chupa ya soda, wala nguo ya poliesta. Kambi za Dadaab zilianza mwaka 1991, na kwa zaidi ya miaka 30 maturubai na magunia ya chakula yamefunika vibanda vya Ifo, Dagahaley na Hagadera juani.

Jua lenyewe ndilo kinu. Miale yake hukata minyororo ya plastiki, turubai hukauka, likishikwa linabomoka mkononi, na upepo unafanya kazi iliyobaki. Mifuko iliyotupwa kabla ya 2017 haikuoza. Imesagika na imo ardhini. Halafu kuna ile iitwayo mifuko ya kitambaa, iliyojaa madukani baada ya marufuku. Mingi kati yake imetengenezwa kwa nyuzi za polipropilini zilizobanwa pamoja, yaani ni plastiki iliyokwisha kuwa nyuzi, na ndiyo sababu Nema, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ilitangaza mwaka 2019 kwamba nayo haitaruhusiwa.

Nyuzi hazipaswi kupuuzwa. Mwaka 2016 Anita Jemec na wenzake wa Slovenia waliwaweka Daphnia magna pamoja na nyuzi zilizosagwa za kitambaa cha poliesta kwa saa 48, na vifo viliongezeka miongoni mwa wale ambao hawakulishwa mwani kabla ya jaribio. Mwaka uliofuata watafiti wa Australia, wakiongozwa na Shima Ziajahromi, waliona kwamba kwa Ceriodaphnia dubia, jamaa wa dafnia, nyuzi zilikuwa na madhara zaidi kuliko shanga za plastiki. Wanyama hao hawakuzimeza, ila magamba yao na pembe za kuogelea zilipinda. Kila nguo ya poliesta inayofuliwa ukingoni mwa Tana huacha nyuzi majini.

"Plastiki huingia na kutoka. Haina ladha wala sumu."

Mfugaji hahitaji maabara kulikataa dai hili kwa upande wa mifugo. Mbuzi kuchinjwa na kutolewa bonge la mifuko tumboni ni jambo tulilolizoea vibaya. Kuhusu ngamia, Marcus Eriksen wa Marekani, Ulrich Wernery wa maabara ya utafiti wa mifugo ya Dubai na wenzao walieleza mwaka 2021 kwamba kati ya ngamia 30,000 waliochunguzwa huko tangu mwaka 2008, 300 walikutwa na mabonge ya plastiki tumboni.

Kwa mnyama mdogo jambo hutegemea chakula. Dafnia mwenye mwani wa kutosha hutoa chembe za plastiki upesi; aliyekosa chakula hubaki nazo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliofanywa na Carolyn Foley na wenzake mwaka 2018 ulikuta kwamba matokeo yanatofautiana sana kati ya mnyama na mnyama, na kwamba athari iliyojirudia zaidi ni moja: wanyama hula chakula kidogo kuliko kawaida. Ni kama mtu anayepewa ugali uliochanganywa na maranda, tumbo linajaa na mwili unakonda. Na hata plastiki inayotoka si lazima itoke ilivyoingia. Watafiti wa Cork, Ireland, walionyesha mwaka 2020 kwamba Gammarus duebeni, mnyama mdogo wa vijito, huivunja plastiki aliyoila kuwa vipande vidogo zaidi ndani ya siku nne.

"Tana ni matope matupu. Wanyama waliozoea matope watadhuriwaje na vumbi la plastiki?"

Hili ndilo dai bora kuliko yote, na wanaolitoa wanastahili jibu refu. Wanasema kweli kwamba Tana hubeba mamilioni ya tani za udongo kila mwaka, licha ya mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere kuzuia sehemu kubwa huko juu. Maji ya lambo letu mara nyingi yana rangi ya chai ya maziwa. Mnyama anayechuja maji ya namna hiyo humeza udongo maisha yake yote. Je, chembe moja zaidi ina uzito gani?

Kwanza, udongo wenyewe si bure. Kevin Kirk na John Gilbert walionyesha mwaka 1990, miaka mingi kabla ya jina la maikroplastiki kuenea, kwamba udongo unaoelea hupunguza dafnia na jamaa zao, huku rotifera, wanyama wadogo zaidi, wakistahimili. Kwa hiyo plastiki haimfikii mnyama aliyestarehe. Inamfikia mnyama ambaye tayari anabeba mzigo.

Pili, wanasayansi waliuliza swali hilihili. Mwaka 2016 Martin Ogonowski na wenzake wa Stockholm waliwapa Daphnia magna udongo wa kaolini kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili plastiki iliyosagika yenye pembe zisizo sawa. Kaolini haikuwasumbua. Plastiki iliongeza vifo, ikachelewesha uzazi na kupunguza watoto. Ila, na hili lazima lisemwe, athari hizo zilionekana kwenye viwango vikubwa mno tu. Mwaka 2020 Lisa Zimmermann na wenzake nchini Ujerumani walikwenda mbali zaidi. Walizipima PVC, poliurethani na PLA, ambayo ni plastiki inayotengenezwa kutokana na mimea na kuuzwa kama rafiki wa mazingira, na tena wakaweka kaolini pembeni. Kaolini haikuwa sawa na plastiki. Madhara ya PVC yalitokana na kemikali zilizomo ndani yake. Ya PLA yalitokana na chembe zenyewe. Udongo haulainishwi kwa kemikali kiwandani. PVC mara nyingi hulainishwa.

Tatu, tope huamua plastiki itakaa wapi. Chembe zinazoelea hushikana na udongo na utelezi wa bakteria, zinakuwa nzito, zinazama. Basi katika maji yetu machafu tusimtazame mwogeleaji wa juu peke yake. Tutazame chini: funza wekundu, konokono, na yale mayai yanayongoja msimu ujao. Huko chini ushahidi unatoa picha tulivu zaidi, nami sitauficha. Mwaka 2018 Paula Redondo-Hasselerharm na Bart Koelmans wa Wageningen, Uholanzi, na wenzao waliwapima wanyama sita wa matopeni kwa siku 28, wakiongeza plastiki mpaka asilimia 40 ya uzito wa tope. Hakuna aina hata moja iliyokufa zaidi ya kawaida. Ni Gammarus pulex peke yake aliyedumaa, na kwake athari ilianza kuhesabika pale plastiki ilipofika karibu asilimia 1 ya tope.

Mtu angeweza kufunga faili hapo. Lakini watafiti haohao walizika trei za tope lenye plastiki katika mtaro wa maji nje ya maabara na kuziacha. Baada ya miezi mitatu hawakuona kitu. Baada ya miezi 15, kwenye trei zenye asilimia 5 ya plastiki, idadi ya wanyama ilikuwa imeshuka, hasa minyoo midogo ya familia ya Naididae. Ripoti hiyo ilitoka mwaka 2020. Siku 28 hazikutosha kuliona jambo lililohitaji mwaka na zaidi, na malambo yetu yanapokea plastiki mwaka baada ya mwaka.

"Maabara humwaga plastiki nyingi kuliko iliyopo popote duniani."

Mara nyingi ni kweli. Robin Lenz na wenzake waliandika mwaka 2016 kwamba vipimo vya baharini vilitumia viwango vinavyozidi vya asili kwa mara mia moja hadi mara milioni kumi. Mwaka huohuo Saskia Rehse na wenzake wa Ujerumani waliona kwamba chembe za polithini zenye ukubwa wa sehemu moja ya elfu ya milimita ziliwazuia nusu ya dafnia kuogelea baada ya saa 96, lakini kwenye karibu miligramu 57 kwa lita. Chembe kubwa mara mia hazikufanya chochote. Ni haki kuuliza: nani amewahi kuyaona maji ya namna hiyo?

Jibu langu lina sehemu mbili. Moja ni kwamba si vipimo vyote vilivyotumia viwango hivyo. Alexandra Martins na Lúcia Guilhermino wa Porto, Ureno, walitumia miligramu 0.1 kwa lita na kufuata vizazi vinne vya dafnia. Waliobaki ndani ya plastiki kizazi baada ya kizazi walitoweka kabisa katika kizazi cha kwanza cha watoto. Waliohamishiwa maji safi walianza kupona, ila dalili zilionekana mpaka kwa wajukuu na vitukuu. Ripoti hiyo ni ya mwaka 2018, na inaonyesha kwamba anayepima kwa saa 48 tu anaweza kukosa kuona yanayomfika mjukuu.

Sehemu ya pili inahusu umbo la lambo letu, na hapa nadhani hesabu za Ulaya hazitutoshi. Mto hupitisha. Ziwa kubwa hutawanya. Lambo hupokea maji ya barabarani kutoka sokoni na vijijini, kisha maji yanaondoka kwa jua, kwa ngamia na kwa mitungi, na plastiki inabaki. Lambo likipoteza sehemu tisa katika kumi za maji yake, kila lita iliyobaki ina vumbi mara kumi ya siku lilipojaa, kama vumbi hilo bado linaelea. Huo ndio wakati kamba wa madimbwi wanakazana kutaga. Halafu mifugo wanaingia majini, wanakanyaga, wanalikoroga tena tope lililokuwa limetulia. Kisha ukame. Kisha mvua inaleta takataka za msimu mpya juu ya zile za zamani. Mafuriko makubwa, kama ya Novemba 2023 yaliyoikata barabara ya Garissa na Nairobi upande wa Madogo, hufagia mji mzima kwa siku chache. Kiwango kinachoonekana cha ajabu katika mto wa Ujerumani kinaweza kuwa mbali na chetu au karibu nacho kuliko tunavyofikiri. Kinachoamua ni kupima, wala si kukisia.

"Dafnia ni mnyama wa Wazungu, wa maji ya baridi."

Kwa Daphnia magna wa maabara, sawa. Kanuni za vipimo za OECD, shirika la kimataifa la uchumi, nambari 202 ya saa 48 na nambari 211 ya siku 21, zinataka maji yenye joto la nyuzi 18 hadi 22 za Selsiasi. Garissa joto la mchana hupita nyuzi 33 miezi mingi, na lambo la kina kifupi halina pa kujificha. Joto huharakisha kupumua, kula na kuzaa, na hupunguza oksijeni majini. Mnyama anayechuja kwa kasi zaidi humeza chembe nyingi zaidi kwa saa. Kwa hiyo matokeo ya nyuzi 20 hayawezi kuhamishwa yakaja kutusemea, kwa heri wala kwa shari.

Linalofuata kutokana na dai hili ni kwamba tuwapime wa kwetu, na jambo hilo si geni. Huko Ghent, Ubelgiji, miaka ya 1990, Streptocephalus proboscideus wa Afrika alitumiwa kupimia sumu za majini, akianguliwa kutoka kwenye mayai makavu. Jamaa yake wa Amerika, Thamnocephalus platyurus, ana kanuni yake ya kimataifa, ISO 14380 ya mwaka 2011, kwa jaribio la saa 24. Wanyama hawa wanapendwa na wapimaji kwa sifa ileile inayowaweka hai kwetu: mayai yao hukaa kwenye chupa kavu rafuni mpaka yatakapohitajika.

Afrika Mashariki nayo haikulala. Plastiki ilithibitishwa katika matumbo ya asilimia 20 ya sangara na asilimia 20 ya sato walionunuliwa Mwanza, katika utafiti wa Fares Biginagwa na wenzake uliochapishwa mwaka 2016. Charles Kosore na wenzake wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, waliikuta ndani ya zuplanktoni, yaani wanyama wadogo waeleao, wa bahari ya Kenya, wakaripoti mwaka 2018. Ziwa Naivasha lilipimwa, ripoti ikatoka mwaka 2020, sawa na Ziwa Ziway la Ethiopia. Kusini, katika mto Bloukrans wa Afrika Kusini, Holly Nel na wenzake waliikuta ndani ya funza wekundu wa matopeni. Waliofanya kazi hizo walianzia kwenye maji yaliyokuwa mbele yao.

"Kama plastiki inawaua viluwiluwi vya mbu, tushukuru."

Naelewa linakotoka dai hili. Homa ya Bonde la Ufa ilitupiga mwaka 1997 na 1998, na katika wilaya ya Garissa peke yake walioambukizwa walikadiriwa kuwa 27,500. Ilirudi mwishoni mwa 2006. Mbu wa Aedes wanaoanzisha mlipuko huacha mayai yao kwenye udongo mkavu wa madimbwi yaleyale, yakingoja mvua ileile.

Lakini plastiki haitufanyii kazi hiyo. Rana Al-Jaibachi, Ross Cuthbert na Amanda Callaghan wa Reading, Uingereza, walionyesha mwaka 2018 kwamba viluwiluwi vya Culex hula chembe za plastiki na kubaki nazo mpaka wanapokuwa mbu wenye mabawa, na mwaka 2019 wakaripoti kwamba chembe hizo hazikuongeza vifo vyao wala kupunguza uzito wa mbu wazima kwa namna ya maana. Mbu anapona, na anairusha plastiki kutoka majini hadi hewani, kwa popo, buibui na ndege. Wasiwasi wetu uwe kwa wanaomla kiluwiluwi. Kopepodi, jamaa wadogo wa kamba, wa jenasi ya Mesocyclops walitumiwa Vietnam kupunguza mbu wa dengi katika matangi ya maji. Triops naye hula viluwiluwi. Endapo plastiki itawadhoofisha hawa huku ikimwacha mbu, tutakuwa tumepoteza askari wetu. Hilo nalo linapimika: weka mwindaji na kiluwiluwi ndani ya chupa, na uhesabu wangapi wameliwa.

Kopepodi, hata hivyo, ana sura mbili. Ndiye aliyekuwa akibeba mnyoo wa Guinea, na Kenya ilihitaji miaka ya ufuatiliaji kabla WHO haijaithibitisha kuwa huru na ugonjwa huo Februari 2018. Nchi iliyoweza kumfuatilia mnyama asiyefika milimita tatu kwa sababu ya ugonjwa inaweza kumfuatilia kwa sababu ya plastiki.

"Anayekunywa maji ya Tana amekwisha. Plastiki inatuua sote."

Namgeukia sasa anayesimama upande wangu, kwa sababu kutia chumvi kunaharibu kazi. Ripoti ya WHO ya Agosti 2019 ilisema kwamba, kwa ushahidi uliokuwapo, maikroplastiki katika maji ya kunywa kwa viwango vilivyoonekana haikudhihirika kuwa hatari kwa afya, na kwamba chembe kubwa kuliko mikromita 150 haielekei kufyonzwa na mwili. Ilitaka utafiti zaidi. Kwa familia ya Garissa inayochota mtoni, hatari ya leo ni kipindupindu na kuhara. Anayemtisha mama kwa plastiki akamsahaulisha kuchemsha maji amemdhuru.

Wapo pia wanaoeneza kila ripoti ya kifo cha dafnia bila kuuliza nini kilichomuua. Mwaka 2019 Nathalie Tufenkji na wenzake wa Montreal, Kanada, walionyesha kwamba baadhi ya chembe za plastiki zinazonunuliwa kwa ajili ya majaribio huja zikiwa zimehifadhiwa kwa azidi ya sodiamu, ambayo ni sumu. Chembe zikisafishwa, sehemu kubwa ya sumu iliondoka. Mtafiti asiyezisafisha anaripoti madhara ya dawa ya kuhifadhia na kuyaita madhara ya plastiki. Sitaki kisa chetu kisimame juu ya vifo vya namna hiyo.

"Vipimo hivyo ni vya mamilioni. Tungoje wafadhili."

Mashine ya kutambua aina ya plastiki kwa mwanga wa infraredi ni ghali kweli, na sampuli zitahitaji kusafirishwa kwenye maabara kubwa. Lakini jaribio lenyewe ni la chupa za kioo, lenzi, mizani na subira. Chuo Kikuu cha Garissa kinaweza kulifanya. Hata shule ya upili yenye mwalimu wa biolojia aliye makini inaweza kuanza.

Chota udongo mkavu kwenye lambo lililo mbali na barabara. Utie maji, angua kamba. Wagawe katika makundi manne ya chupa: maji na mwani tu; maji, mwani na tope laini la lambo; maji, mwani na plastiki iliyosagwa kutoka kwenye turubai au gunia lililochakaa juani hapahapa; na kundi la nne lenye tope na plastiki pamoja. Chekecha tope na plastiki kwa chekeche moja ili chembe zilingane ukubwa. Funika chupa, vaa nguo ya pamba, na weka pembeni chupa za maji matupu ili uhesabu nyuzi zinazoanguka kutoka hewani, la sivyo utapima shati lako. Wape joto la Garissa. Kila siku hesabu walio hai, kisha siku ya yai la kwanza, kisha mayai. Kwa jaribio la siku 21, kanuni ya OECD inasema kwamba zaidi ya asilimia 20 ya mama wakifa kwenye chupa safi jaribio zima linatupwa, na sisi tujifunge kwa ukali huohuo.

Halafu fanya ambalo kanuni za OECD haziagizi, kwa kuwa dafnia wake wa maabara hakupangiwa ukame. Acha chupa zikauke mpaka tope lipasuke. Lipumzike miezi mitatu, kama Jilaal. Tia maji tena, uhesabu wangapi wameanguliwa.

Iwapo kamba wa tope tupu na wa tope lenye plastiki watataga sawa, na mayai yao yakaanguliwa sawa msimu wa pili, basi wanaosema kwamba matope yetu yanatosha kulimeza jambo hili watakuwa na ushahidi mkononi, nami nitauandika. Iwapo hawatakuwa sawa, serikali ya kaunti itakuwa na sababu ya kuchimba mashimo ya kunasa takataka kwenye mifereji inayoingiza maji ya barabarani malamboni, na kuyasafisha mwezi wa Septemba kabla ya Deyr.